Bonde la Darasa la Sita

Mimi si mtu wa kuingilia mashamba ya watu. Nilipangiwa kazi Lushoto nikitokea Singida, nikapandishwa juu kabisa, kwenye kijiji kilichokaa mgongoni mwa mlima, njia ya kwenda Mtae. Kitu cha kwanza nilichojifunza huku ni kwamba ardhi imesimama wima na kila kipande kina mwenyewe. Kwetu ukigombana na jirani unasogea kidogo, nafasi ipo. Huku ukisogea kidogo umeporomoka, au umeingia kwenye kabichi za mtu. Nikajiambia: Zakia, wewe fundisha, pokea mshahara wako, mambo ya mipaka waachie wenyewe.

Hata hilo la mipaka nilifundishwa kwa aibu. Wiki zangu za mwanzo nilitaka kupanda maua pembeni mwa ofisi. Palikuwa na mmea umesimama peke yake, majani marefu kama ya mahindi ila magumu, hauna ua wala tunda. Nikaushika, nikaung'oa. Watoto waliokuwa wanafagia uwanja wakaacha kufagia. Mwalimu mkuu akatoka ofisini mbio, na huyo ni mtu ambaye hata mvua ikimnyeshea hakimbii.

"Mwalimu, umeng'oa isale?"

Kumbe ule ndio mpaka kati ya shule na kiwanja cha kanisa. Nikasimamishwa pale kama mwizi wa kuku mpaka walipoitwa wazee wa pande zote mbili, nikalirudisha lile isale kwenye shimo lake huku wananitazama mikono. Wakanieleza pole pole, kama mtoto wa chekechea. Masale ndiyo mpaka. Mtu mmoja hayagusi. Likikauka moja, linapandwa jingine kwenye shimo lilelile, pande zote mbili zikiwepo na watu wakiona. Anayeng'oa peke yake, hata akidai shamba ni lake, basi huyo watu hawamwachii hata mbuzi amshikie kamba. Mimi walinisamehe kwa ugeni. Nilikasirika, maana maua yangu yalishanyauka kwenye ndoo, lakini nilielewa.

Sasa, Loveness. Alikuwa darasa la sita mwaka huo niliopewa darasa hilo. Mtoto mkimya, mwandiko wake umenyooka, akiulizwa swali anafikiri kwanza ndipo anajibu, tabia ambayo hata walimu wengi hatuna. Mwalimu hatakiwi kuwa na kipenzi darasani. Mimi nilikuwa naye, na sioni sababu ya kuficha. Baba yake, Danieli, alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, na mama yake, Beatha, alikuwa analima bustani bondeni, kando ya mfereji: kabichi, karoti, hoho, vitunguu. Kwenye milima hii mwenye bustani bondeni ana maji mwaka mzima. Asiye nayo anaangalia mawingu.

Siku moja saa ya chai Beatha alikuja shuleni. Tukasalimiana, tukaulizana za nyumbani, za watoto, za baridi. Halafu akasema, "Mwalimu, nimekuja kuulizia uhamisho."

"Uhamisho wa nani?"

"Wa Loveness. Nataka kwenda naye Mponde, kwa mama yangu. Ana chai kidogo, tutakuwa tunachuma."

"Katikati ya mwaka?"

"Shule ikifungwa."

"Beatha, huyu mtoto mwakani anafanya mtihani wa darasa la saba. Unamhamisha ili iweje?"

Akatazama mikono yake. "Bustani imeisha, mwalimu."

"Bustani inaisha? Ni sukari hiyo?"

Akacheka kidogo, halafu akanieleza. Baada ya mume wake kuzikwa, asubuhi moja alishuka bondeni na jembe lake akakuta masale yamesogea. Nusu ya bustani, tena nusu nzuri, ile inayopata maji, ilikuwa imelala upande wa shemeji yake. Upande wake ulibaki ukingo wa juu, udongo mkavu wa kokoto. Alipomuuliza shemeji, akajibiwa kwamba masale yako palepale alipoyaacha marehemu, na kwamba msiba unachanganya akili, apumzike. Akapeleka shauri kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Abubakari. Wazee wakakaa. Shemeji akaapa. Kulikuwa na isale moja tu lililobaki kwenye mstari wa zamani, kubwa, limekaa kwenye jiwe, na Beatha akawaonyesha. Shemeji akasema hilo limejiotea tu, kama magugu yanavyojiotea. Mzee Abubakari akauliza: nani aliona mtu aking'oa? Hakuna aliyeona. Basi, akasema, bila aliyeona nitamshika mtu kwa lipi? Shauri likaishia hapo.

"Na shemeji yako ni nani?" nikauliza, ingawa nilishaanza kuhisi.

"Mzee Tobia."

Mzee Tobia ni mwenyekiti wa kamati ya shule. Ni mzee wa kanisa pia. Nikamwambia Beatha pole, uhamisho tutaushughulikia mwisho wa muhula. Lakini mchana ule nilifundisha vibaya, na nikamfokea Rajabu, ambaye kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa hajafanya kosa lolote.

Niwaelezee na huyo Tobia vizuri, msije mkadhani ni mtu wa kutisha. Hapana. Ni mzee msafi, koti lake limepigwa pasi, anacheka na kila mtu. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: hawezi kukuta kitu kimewekwa akakiacha. Akiingia darasani atasogeza dawati. Akikuta ramani ukutani ataitungua aitundike pengine. Siku tulipoweka mtungi wa maji ya kunawa mlangoni, alikuja akaubeba mwenyewe mpaka upande wa pili. Na kila mara neno lake ni hilohilo: "Mmekosea kidogo." Watoto walimpa jina la Mzee Mmekosea, na nilijifanya sijasikia.

Muhula huo tulifika kwenye mada ya mmomonyoko wa udongo. Kitabuni kuna picha ya korongo mahali tambarare, hata sijui ni wapi. Nikawaambia watoto wafunge vitabu. Mtoto anayeamka kila siku anaona kilima mlangoni kwao anafundishwaje mmomonyoko kwa picha ya tambarare? Nikasema tutajenga bonde lenu wenyewe, nyuma ya darasa, kwa udongo, tulimwagie maji, tuone nini kitaporomoka na nini kitabaki.

"Lijengeni kama lilivyo," nikawaambia. "Si kama mnavyotaka liwe. Kama lilivyo."

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Jamani, watoto wanajua kubishana! Walileta udongo mwekundu kwa ndoo na mifuko ya mbolea, wakaufinyanga milima miwili na bonde katikati, eneo la kutosha familia kulala. Kundi la kwanza lilijenga mteremko wenye matuta. La pili likajenga mteremko mtupu, bila mti wala tuta, ndio wa kuonyesha ubaya. La tatu likaweka msitu kwa majani mororo yanayoota kwenye mawe. Kundi la nne lilipewa bondeni: mfereji, njia na bustani. Humo alikuwemo Loveness, na Aisha anayekaa naye dawati moja, na Rajabu kwa sababu hakuna kundi lingine lililokubali kumchukua.

Nyumba zilikuwa viberiti, na mabati yake karatasi za ndani ya pakiti za sigara, ambazo sikuuliza zimetoka wapi. Kabichi zilikuwa vitumba vya maua ya porini. Rajabu alileta chura hai wa kukaa kwenye mfereji, nikamtupa mbali, mara mbili, maana mara ya kwanza alirudi. Walibishana Kiswahili wakiniona, na nikigeuka wanabishana Kishambaa: njia inapita juu ya nyumba ya fulani au chini, mti ule uko kwenye kona au umeshakatwa. Wakishindwana walikuwa wanakwenda kuangalia kweli, saa ya kutoka, na asubuhi wanarudi na jibu na matope miguuni. Nimefundisha miaka mingi. Kazi ambayo watoto wanaifanya bila kutumwa unaihesabu kwenye vidole.

Tukafanya jaribio. Aisha akamwaga maji kwa kopo la matundu, pole pole kama mvua za vuli. Mteremko wa matuta ukanywa maji ukatulia. Mteremko mtupu ukakaa kidogo, ukapasuka, ukateremka wote na viberiti vyake mpaka kwenye miguu ya Rajabu. Darasa zima lilipiga yowe. Mtoto mmoja akasema, "Ndivyo lilivyokwenda shamba la babu," na wenzake wakatikisa vichwa, maana walijua. Nikawaambia waandike walichokiona. Sikuwa na haja ya kufundisha zaidi ya hapo.

Walipojenga upya kwa ajili ya siku ya wazazi, niliona bondeni vijiti vya kijani vimechomekwa kwa mstari. Nikauliza ni vya nini.

"Mipaka, mwalimu," Rajabu akajibu. "Haya ni masale. Aisha ameyakata kwao."

"Vizuri," nikasema, nikaendelea na kusahihisha madaftari. Sikuangalia yamepita wapi. Na hata ningeangalia ningejua nini? Bondeni nilishuka mara moja tu toka nihamie, nikarudi nimeshika kiuno, nikasema sirudi tena.

Siku ya wazazi ikafika. Afisa elimu wa kata alikuwa awe mgeni rasmi, lakini mvua ilikata barabara, akapiga simu kuomba radhi. Mwalimu mkuu akamwomba Mzee Abubakari akalie kile kiti chenye kitambaa. Mzee alikuja na kofia yake safi na shali shingoni, akakaa, akasikiliza ngonjera ya darasa la tatu mpaka mwisho bila kusinzia, jambo ambalo peke yake linastahili zawadi. Mzee Tobia alikaa kulia kwake. Alikuwa ameshasogeza meza ya zawadi, ameshasogeza maiki, na ameshamwambia mwalimu wa kwaya kwamba watoto wafupi wamekaa upande usiofaa.

Beatha alikaa nyuma na kina mama wengine, kanga begani. Nilimwona akija, nikajua kwamba anakuja kwa sababu ni mara ya mwisho. Muhula ulikuwa unafungwa wiki inayofuata. Loveness naye alijua. Siku hizo alikuwa haongei kabisa, na kila kazi niliyotoa aliifanya mapema kuliko wenzake, kama mtu anayefungasha. Iliniuma. Sikufanya kitu, lakini iliniuma.

Baada ya nyimbo tukawapeleka wageni nyuma ya darasa. Watu wakalizunguka bonde, wa mbele wakachuchumaa, wa nyuma wakasimama kwenye mawe. Walilipenda. Wanawake walianza kutafuta nyumba zao, "Ile kwangu ile, tazama, hata na banda la mbuzi!" na kucheka. Makundi yakaeleza kazi yao, Aisha akamwaga maji, mteremko mtupu ukaporomoka kama ulivyotakiwa, wazazi wakapiga makofi na mzee mmoja akamwambia mwenzake kwa Kishambaa, mgosi, yaani bwana, hilo ni shamba langu kabisa, na watu wakacheka tena. Mimi nilisimama pembeni nikiwa nimejaa furaha, nikifikiria maksi za mkaguzi.

Likaja kundi la nne. Msemaji alikuwa Rajabu, kwa sababu ya sauti. Alishika fimbo kama mwalimu, akakohoa kama mwalimu, nikamtazama ili ajue nimeona.

"Shikamooni wageni wetu. Hapa ni bondeni. Huu ni mfereji. Hizi ni bustani. Hii ni ya kina Aisha. Hii ya kina Loveness, inaanzia hapa kwenye mfereji inapanda mpaka kule juu. Na hii inayofuata ni ya Mzee Tobia. Haya hapa ni masale, yanashuka moja kwa moja mpaka kwenye jiwe."

Watu waliotoka kucheka wakaacha kucheka. Mimi sikuelewa mara moja kwa nini. Nilimwona Beatha amesimama wima. Loveness alikuwa anatazama chini, kwenye mfereji wa udongo.

Mzee Tobia akacheka. Alicheka vizuri tu, cheko lake la kila siku. "Watoto wazuri," akasema. "Wamefanya kazi nzuri sana. Ila hapo mmekosea kidogo. Mwalimu wenu katoka Singida, hajui."

Na akainama.

Nadhani hakufikiri. Kwake kilikuwa kitu kimewekwa mahali, na yeye ndiye wa kukirekebisha, kama dawati, kama mtungi wa maji. Labda pia hakutaka Mzee Abubakari aendelee kuutazama mstari ule. Alikunja suruali yake magotini ili isichafuke, akachuchumaa, akashika kijiti cha kwanza akaking'oa. Akakichomeka huku juu, kwenye kokoto, akashindilia kwa dole gumba. Akang'oa cha pili. Akang'oa cha tatu. Alivipanga kwa nafasi sawa bila kupima, mkono unajua unakokwenda. Mama mmoja mbele yangu alijifunika kinywa kwa upande wa kanga, na hapo hapo nikakumbuka maua yangu na ndoo yangu, nikaelewa kinachotokea. Mtu alikuwa anang'oa masale peke yake mbele ya kijiji kizima.

Alipomaliza akapangusa mikono. "Haya. Sasa ndivyo lilivyo."

Rajabu alikuwa bado ameshika fimbo yake. Mtoto yule hajawahi kujua wakati wa kunyamaza, na siku ile namshukuru Mungu kwa hilo. Akaelekeza fimbo kwenye kijiti kilichobaki peke yake chini, kando ya jiwe.

"Mzee, na hili moja? Umelisahau."

"Hilo liache," akasema Mzee Tobia, akijinyoosha mgongo. "Hilo haling'oki. Mizizi yake imepita chini ya jiwe."

Kilikuwa kijiti. Kijiti kibichi kisichozidi kidole changu, kilichochomekwa na watoto kwenye udongo wa kufinyangwa. Hakikuwa na mzizi hata mmoja. Kuku angepita angekiangusha.

Nilisikia maneno yale yakiingia kwa watu mmoja mmoja. Mzee Tobia mwenyewe ndiye alikuwa wa mwisho kuyasikia. Nilimwona uso wake ukibadilika, akatazama kijiti, akatazama jiwe, halafu akatafuta pa kutazama pengine asipate, maana kila upande kulikuwa na watu.

Beatha akapita katikati ya kina mama. Hakuna aliyemzuia. Akaja akasimama upande wa pili wa bonde, milima ile ya udongo katikati yao, na sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Ulijaribu lini kuling'oa, shemeji?"

"Huu ni mchezo wa watoto," akasema Mzee Tobia. "Mwenyekiti, jamani, huu ni mchezo wa watoto."

Mzee Abubakari alikuwa amechuchumaa bado, mikono juu ya magoti, analitazama bonde. Halafu akasema, "Tobia, kwenye baraza ulituambia lile la kwenye jiwe limejiotea. Kitu kilichojiotea, mizizi yake wewe umeijuaje?"

"Nimesema tu."

"Na haya matatu umeyang'oa. Sisi tumekuona."

"Vijiti, mzee! Vijiti vya watoto!"

"Nilimwambia mama huyu hakuna aliyeona," akasema Mzee Abubakari, na sasa alikuwa anamtazama Beatha. "Nilimwambia mbele ya watu. Leo nimeona mimi." Akanyanyua mkono, kijana akamsaidia kusimama. "Twendeni bondeni."

Mwalimu mkuu akasema kwa sauti ndogo kwamba ratiba bado ina hotuba na zawadi. Hakuna aliyemsikia, na nadhani hata yeye hakutaka asikike. Watu walishaanza kuteremka, wazee mbele, kina mama nyuma, watoto wakikata njia za mkato kati ya mahindi. Mzee Tobia alikuwa katikati yao. Hawakumshika, ila walitembea naye karibu sana. Mimi niliyesema sirudi tena bondeni nilivua viatu vyangu vya sherehe nikashuka peku, nikiwa nimeshika mti huu na mti ule, nikijilaani kila hatua, lakini sikubaki nyuma.

Waling'oa masale yale mchana uleule, pande zote mbili zikiwepo. Mzee Tobia aliambiwa ashike mwenyewe, na Beatha ashike upande wa pili, na yakarudishwa chini, sambamba na lile kubwa la kwenye jiwe. Mzee mmoja alilisukuma lile kubwa kwa bega, halikutikisika. Kandokando ya shina lake kulikuwa na alama za jembe, za zamani kidogo, zimeanza kufunga. Mzee Abubakari akawaita watu waje wazione mmoja mmoja, hata watoto. Mzee Tobia alisimama pembeni na koti lake limeingia matope. Alipoondoka alipita mbele ya Loveness. Mtoto akamwambia, "Shikamoo, baba mkubwa." Hakuitikia. Nilimwonea huruma kwa dakika moja, halafu nikakumbuka miaka ile miwili ya kokoto, ikanitoka.

Watu hadi leo wananiuliza kama niliupanga ule mtego. Wengine wananisifu, wananiletea karoti, na karoti nakula. Lakini sikupanga kitu. Nilimuuliza Loveness, tukiwa wawili tu darasani, kama alijua baba mkubwa wake atainama. Akafikiri kwanza, kama kawaida yake.

"Hapana, mwalimu," akasema. "Mimi nilijua tu ataona."

"Na ulitaka aone?"

"Nilitaka aone kwamba na sisi tunajua."

Mtoto wa darasa la sita, amekaa kimya miaka miwili, anasalimia kila asubuhi, anajua. Hilo lilinitisha kuliko kila kitu nilichokiona bondeni, na lilinifurahisha vilevile.

Beatha hakuja tena kuulizia uhamisho. Shule ilifungwa, ikafunguliwa, Mzee Tobia akajiuzulu kamati kwa kisingizio cha miguu. Jumatatu ya kwanza ya muhula mpya kengele ilipolia Loveness hakuwepo mstarini, na moyo wangu ukashuka mpaka kwenye viatu. Nikaita majina. Nikalifikia jina lake, nikaliita mara mbili. Aisha akanyoosha mkono akasema hajui. Nikaanza somo la hesabu huku natazama dirishani zaidi kuliko ubaoni.

Tulikuwa tumeshafika kwenye sehemu na desimali alipotokea mlangoni, anahema, sketi imelowa mpaka magotini, mikono myekundu kwa udongo hadi kwenye viwiko.

"Shikamoo mwalimu. Naomba kuingia."

"Marahaba. Unatoka wapi saa hizi?"

"Bondeni. Tulikuwa tunahamisha miche ya kabichi na mama, mwalimu. Mstari ulikuwa mrefu, hatukumaliza mapema."

Sheria ya darasa langu ni moja kwa wote: anayechelewa anasimama nje mpaka kipindi kiishe. Kipenzi au si kipenzi. Nikamwambia asimame nje. Akasema ndiyo mwalimu, akageuka, akaenda kusimama kwenye ukuta karibu na dirisha. Nikaandika swali linalofuata ubaoni, nikalikosea, nikafuta nikaandika tena, kwa sababu kutoka nje nilikuwa namsikia. Kile kitoto kilikuwa kimesimama adhabu na kinaimba.